Mzee, Kile Kitabu Kimerudi?

Minza mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya dagaa wa kuanzia maisha, na ya watu wa stendi wanaokuita dada kumbe wanalitaka begi lako, mama yako ameshakuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena mpaka basi lianze kutembea. Mimi sitayarudia. Nimekaa nje hapa kwenye kigoda, karibu na zizi, jua bado lipo kidogo. Wewe uko ndani unafunga mizigo na nakusikia unaimba. Ungejua ninachoandika usingeimba.

Tangu Jumapili nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia kwa mdomo. Nimeshindwa. Unapokuja na chai nasema asante mama, unaondoka. Kwa hiyo naandika.

Ile Jumapili ya kukuaga, watu wameshakula, umefungwa vitenge mpaka huwezi kuinua mikono, ukasimama ukasema, "Mnaniona mwalimu leo kwa sababu ya huyu mzee. Baba alikuwa mlinzi tu huko Segese, lakini mwisho wa mwezi hakurudi Samuye bila kitabu. Alijinyima, akaninunulia." Watu wakapiga vigelegele. Shangazi yako akaja kunitupia kitenge shingoni. Ukaendelea, "Na huko Geita nimeshaambiwa nitapewa maktaba. Siku ya kwanza, watoto nitawaanzia na hadithi hii ya baba."

Nikainamisha kichwa. Nikamsikia jirani anasema, "Mwone baba Minza, analia kwa furaha."

Haikuwa furaha. Mwanangu, sijawahi kukununulia kitabu hata kimoja.

Ngoja nianze mahali panapoeleweka.

Kabla ya kulinda shule, Segese nililinda duara, shimo la dhahabu la tajiri mmoja. Wewe ulikuwa mdogo sana, mko hapa na mama yako. Kazi yangu haikuwa kuzuia watu wasiingie. Ilikuwa kuwapekua wanaotoka. Mchimbaji akipanda juu, amechoka, jasho limechanganyika na tope, namsimamisha. Panua mdomo. Inua ulimi. Vua buti, kung'uta soksi. Geuka. Jiwe lenye dhahabu linaweza kuwa dogo kama jino, mtu akalificha shavuni, kwenye nywele, mgongoni chini ya mkanda. Mimi nilikuwa hodari. Tajiri alikuwa anasema kwangu hapiti hata inzi. Nilipenda sana kusikia hivyo. Nilikuwa mtu wa darasa la saba asiye na kitu, na hilo lilikuwa jambo moja ambalo watu walisema naliweza.

Shimo lilipojaa maji tajiri akahama. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pale alikuwa amesikia sifa zangu, akanichukua niwe mlinzi. Haukupita muda, ikaja gari na maboksi ya vitabu kutoka kwa wafadhili. Chumba kilichokuwa kinahifadhi mahindi ya uji wa watoto kikapigwa chokaa, fundi akatengeneza rafu, mlangoni wakaandika MAKTABA kwa rangi ya bluu. Walimu walikuwa wachache, hakuna aliyekuwa na kipindi cha kukaa mle. Mwalimu mkuu akaniita.

"Baba Minza, shika huu ufunguo. Kila mchana baada ya uji unafungua. Hivi vitabu ni mali. Kikipotea kimoja tutaulizwa mimi na wewe."

Aliposema mali, nilijua namna moja tu ya kulinda mali.

Utacheka, au labda hutacheka. Niliweka kiti mlangoni, nikawapanga watoto mstari. Wakati wa kuingia nakagua mikono. Wakati wa kutoka napekua. Kung'uta shati. Vua viatu, kama unavyo. Panua mdomo.

"Mzee, kitabu kitaingiaje mdomoni?"

"Nimesema panua."

Huko nyuma wenzake wanapiga kelele: "Huyo kameza kamusi, mzee! Mpige mgongoni itoke!"

Wakanipa jina, Mzee Mpekuzi. Nikaona ni sifa. Watoto wa kule hawakushangaa sana, kwa sababu ndivyo walivyoona baba zao wakifanyiwa wanapotoka shimoni. Mimi ndiye niliyetakiwa kushangaa. Mtoto anatoka kusoma hadithi ya sungura, namwambia ainue ulimi.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa darasa la tano anaitwa Shija. Kama jina lenyewe linavyosema, alizaliwa akifuata mapacha. Mama yake, Mama Kulwa, alikuwa anaponda mawe kule kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, anakaa juani na nyundo tangu asubuhi. Shija alimsaidia kabla ya kuja shule. Kwa hiyo mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka kusaga.

"Mikono," namwambia.

"Shikamoo mzee. Nimenawa."

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni ya mawe, mzee. Haitoki. Hata ya mama haitoki."

"Basi huingii. Kaa hapo nje."

Akakaa nje. Wengine niliowafukuza walikwenda kucheza mpira, yeye alikaa kwenye ngazi ya mlango. Siku moja nikamwona msichana wa darasa lake amekaa ndani ya kizingiti na kitabu magotini, Shija yuko nje ya kizingiti, mikono ameiweka mgongoni kama aliyefungwa, shingo ameivuta mbele. Anasoma. Akifika chini ya ukurasa anasema, "Geuza." Yule binti anageuza.

Nilitafuta kosa sikuliona. Mikono ilikuwa mbali na kitabu. Nikawaacha.

Kitabu chenyewe ni kile unachokijua kuliko mimi. Cha ng'ombe mweupe. Bibi anamtuma mjukuu akamtafute ng'ombe ambaye hakurudi na wenzake, na mtoto anakwenda akiuliza kila anachokutana nacho, korongo, fundi baiskeli, kisima. Shija hakusoma kimya. Korongo alimpa sauti ya mwalimu wa hesabu. Fundi baiskeli akaongea kama mimi, "Panua mdomo!", na watoto wakaanguka kwa kicheko, na mimi kwenye kiti changu nikageuza uso ukutani wasinione nacheka. Ng'ombe alipolia mbali, Shija alilia "mooo" ya taratibu, ya ndani ya tumbo, mpaka wadogo wa darasa la pili wakaangalia nyuma.

Siku ya pili wakaja wengi zaidi. Siku zilizofuata watoto ambao sikuwahi kuwaona karibu na kile chumba walikuwa wanagombania bomba la kunawia, wananionesha viganja kabla sijauliza. Wengine, ikiisha zamu ya Shija, walikuwa wanaingia ndani na kuchukua kitabu kingine, wanatoka kukisoma kwa sauti kama yeye. Mwalimu wa darasa la tatu akaniuliza, "Baba Minza, umewafanyaje hawa?" Nikajibu ni utaratibu tu, mwalimu. Nilisema hivyo kweli. Nilidhani ni upekuzi wangu.

Maktaba ilikuwa pale nje, kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na rafu.

Sasa mwezi ule mama yako alinitumia salamu. Mwalimu wa darasa la pili kasema Minza hajui kusoma, amewekwa nyuma na wale wanaosinzia. Sikulala vizuri. Nikajiona mimi mwenyewe nimekaa nyuma darasani, maana na mimi nilikaa huko. Na kila mchana nilikuwa naona kitabu kimoja kinawafanya watoto wanawe mikono bila kufokewa.

Ijumaa moja Shija alifika pale mtoto anapoingia kwenye mto mkavu na kusikia kengele ya ng'ombe ng'ambo. Kengele ya shule nayo ikalia. Watoto wakasema aaah. Shija akamwambia yule binti, "Usikunje ukurasa, mzee atatuua. Nitapakumbuka." Wakaondoka. Nilikuwa nasafiri jioni ile kuja nyumbani. Nikafunga madirisha. Nikakitoa kile kitabu kwenye rafu, nikakiweka mgongoni, chini ya mkanda, nikavaa koti.

Ni palepale nilipokuwa nawapekua wachimbaji nikishawaambia geuka. Mimi hakuna aliyenipekua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mhuri wa shule. Niliuchana nikiwa bado njiani, nikautupa dirishani. Mama yako akaniuliza kimetoka wapi. Nikasema nimenunua Kahama, kwenye duka la Mhindi mmoja. Ulilala nacho usiku ule. Asubuhi ulinifuata zizini na kuniuliza, "Baba, mbona hakina mwanzo?" Nikakuambia kimechanika kwenye gari. Ukakaa chini ukatunga mwanzo wako. Kila kitabu nilichokuletea baada ya hapo ulikitungia mwanzo, na walimu wakaja kukusifu kwamba una akili ya kutunga. Sasa unajua ni kwa nini vitabu vyako vyote vilianzia ndani.

Jumatatu Shija alikuja mapema. Alinyoosha shingo mlangoni na kuangalia rafu.

"Mzee, kile kitabu kimerudi?"

"Bado. Kuna mtu kakiazima."

"Nani?"

"Wa darasa la saba."

Kesho yake akaja. "Mzee, nimewauliza la saba wote. Hawana."

"Labda kasahau nyumbani."

"Kikirudi utaniambia?"

"Nitakuambia."

Akawa anakuja hivyo kila siku. Hakuja kwa ubishi, ilikuwa kama salamu. Shikamoo mzee, kimerudi? Na mwisho wa mwezi nikija nyumbani nakuta umekilalia. Mara moja nilikuambia, "Nipe baba akibadilishe." Ulilia mpaka ukatapika. Nikakiacha. Lakini nisikusingizie wewe, ulikuwa mtoto. Nilikuwa nimekusikia unasoma. Umekaa kwenye mkeka na kidole chako unasoma, na mimi nimejificha nyuma ya mlango nasikiliza. Ningekiacha hata usingelia.

Halafu ikasemekana wageni wanakuja kuona vitabu vyao. Mwalimu mkuu akakagua rafu mwenyewe. Kile kilichokuwa kinaongelewa shule nzima hakipo.

"Baba Minza, kimepitaje mlangoni kwako?"

Kule shimoni jiwe likipotea, mlinzi anafukuzwa siku hiyohiyo, na wakati mwingine anapigwa. Nikamwona mama yako. Nikakuona wewe na mkeka wako. Nikasema, "Aliyekuwa anakisoma hapa mara ya mwisho ni Shija."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Wakamsimamisha mbele ya mstari, asubuhi. Shija akasema, "Sijaiba. Mimi hata ndani sijawahi kuingia, muulizeni mzee." Watoto wakacheka, wakadhani ni mzaha wake. Mwalimu mkuu akanigeukia. Ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo, ni kweli, hajawahi hata kuvuka kizingiti, mimi ndiye niliyemzuia. Nikatazama mlingoti wa bendera.

Akachapwa. Wakamwita mama yake. Mama Kulwa alikuja na vumbi lake, kitambaa cha kujifunika pua bado kiko shingoni, hata kiti hakukaa. Aliposikia, alimshika mwanawe na kumchapa upya mbele ya walimu, ili waone kwamba kwake hakulelewi mwizi. Na yule mtoto hakusema naomba msamaha. Alikuwa anamlilia mama yake kitu kimoja tu, kwa sauti ya juu: "Mayu, sijamaliza hata kukisoma! Mayu, sijamaliza!"

Minza, hiyo ndiyo sauti ninayoisikia. Nikikamua ng'ombe naisikia. Ukinisomea kitu naisikia. Unakumbuka ulivyokuwa unaniambia, "Baba, nikusomee mwisho wa ng'ombe mweupe?", na mimi nasema nimechoka, natoka nje? Ulimwambia mama yako baba hapendi hadithi. Nilikuwa sitaki kuujua ule mwisho wakati Shija mwenyewe haujui.

Shija alikatazwa kusogea maktaba. Baada ya muda akaacha shule, akashuka mashimoni kama wengine. Siku za mwanzo wale wadogo walikuja wakakaa kwenye ngazi, wakamsubiri. Mmoja akajaribu kusoma, wenzake wakamwambia siyo hivyo. Wakapungua. Wageni walipofika walipitisha kidole kwenye rafu hawakuona vumbi, walifungua vitabu wakakuta bado vinanukia upya. Wakatupongeza. Chumba kilikuwa safi kama kaburi lililopigwa plasta. Mimi nikabaki kwenye kiti nalinda vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka, na kwa kuwa hakuna aliyeviulizia, ikawa rahisi zaidi kukuletea wewe. Hilo ndilo baya zaidi na nimelipitia juujuu mpaka aya hii. Sikuishia kimoja. Kadiri watoto wale walivyoacha kusoma, ndivyo wewe ulivyosoma.

Niliacha kazi, nikarudi Samuye kulima, mkafurahi. Miaka ikapita. Ukiwa sekondari nilikwenda Segese kupeleka mchele. Napakua magunia nasikia nyuma yangu, "Shikamoo Mzee Mpekuzi!"

Nikageuka. Mwanaume mzima, mabega mapana, tochi kichwani. Mikono ileile. Nilitaka kukimbia, naye ananishika bega anacheka, anawaita wenzake. "Huyu ndiye niliyewaambia! Aliyekuwa anatukagua meno!" Akaninunulia soda. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana. Akaniambia wakiwa chini wanasubiri moshi wa baruti uishe, hawana cha kufanya gizani, anawasimulia hadithi ya ng'ombe mweupe. Wanaume wazima wenye ndevu. Kila mara anaishia kwenye mto mkavu, halafu anatunga mwisho. "Nimeshatunga miisho mpaka nimechoka, mzee. Hawa hawaniamini tena. Hebu niambie. Yule mtoto alimpata ng'ombe wake?"

Wenzake wote wakageuka wananiangalia mimi.

Sikuwa nimekisoma. Miaka yote kile kitabu kiko nyumbani kwangu, sikuwa nimekisoma.

"Alimpata," nikasema.

"Si niliwaambia!" Shija akapiga makofi. "Niliwaambia! Wabeja, mzee, asante. Wabeja sana." Akaondoka na wenzake, anatembea mbele, namsikia anaiga ile "mooo" na wao wanacheka.

Mvua za mwaka ule, duara lao liliporomoka. Shija hakutoka.

Nilikwenda msibani. Mama yako alidhani nimekwenda kudai hela ya mchele. Nilikaa na wanaume, na upande wa pili nikamsikia Mama Kulwa anawaambia wanawake, "Mwanangu huyu alinisumbua jambo moja tu maishani, kile kitabu cha shule. Nilimchapa akiri, akakataa mpaka amekuwa mtu mzima. Nikawa nasema moyoni, kwa nini asikiri tu, nimsamehe?" Nilikuwa karibu kama zizi lilivyo na mlango wetu. Nikanyamaza kwa mara nyingine. Nikala ugali wa msiba, nikapanda gari.

Asubuhi niliyorudi, wewe uko shuleni, nilitoa kitabu chini ya godoro lako nikakisoma mpaka mwisho. Wewe unaujua kwa moyo. Mtoto hampati. Ng'ombe mweupe anarudi nyumbani peke yake jioni, amezunguka njia nyingine, na anasimama mlangoni analia, hataki kuingia zizini. Bibi anaelewa. Anawaita watu wote, na ng'ombe anatangulia, wanakwenda naye kumtafuta mtoto. Kitabu kinaishia hapo, wanatembea wanaita jina lake. Hakisemi kama walimpata.

Nilimwambia uongo kijana wa watu, akaingia nao ardhini.

Sasa kesho kutwa utapewa ufunguo. Mimi sina elimu ya kukufundisha kazi, umesomea. Lakini watoto wa huko wanaponda mawe kama Shija alivyokuwa anaponda. Watakuja na mikono ya kijivu na utaambiwa na mkubwa wako kwamba vitabu ni mali. Nilikiona kitabu kinapendwa mara moja tu maishani, nilipokuwa nimekaa kwenye kiti nikikizuia. Kilipendwa na mtu asiyeruhusiwa kukigusa. Sijui angekipenda vipi kama angekishika. Kingechafuka, hilo najua. Kingerudi na alama za vidole kila ukurasa, na mtoto wa nyuma yake angejua mtu amepita hapa kabla yangu. Na akitokea mmoja anasoma kwa sauti ya ng'ombe, mwache. Hata kama unaumwa kichwa. Na mtoto akikuuliza kitabu fulani kimerudi, Minza, tafadhali mjibu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba kiko kwako.

Ile hadithi ya baba aliyejinyima, nakuomba usiwaambie. Naogopa kukuomba hivyo, maana ukiitoa hiyo sijui utakuwa umebaki na baba gani. Lakini nikikuacha uipeleke mle ndani siku ya kwanza, itakuwa nimemfukuza Shija mlangoni mara ya pili, kwa mkono wako.

Leo mchana nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua karanga. Nilidhani atapiga kelele. Alichambua zile zilizokuwa kwenye ungo mpaka zikaisha, kisha akauliza, "Na mwanamke huyo yupo bado?"

"Yupo. Anauza karanga na maji pale Segese mabasi yanaposimama."

"Basi mimi unaniambia nini? Nenda kwake. Na huyu binti mwambie mwenyewe, usinitume."

Kwa hiyo sikiliza nilichoamua. Basi lako la Geita linapita Kahama halafu Segese. Nimeshakata tiketi ya mpaka Segese, kiti cha pembeni yako. Nitashuka pale. Nitamtafuta Mama Kulwa, nitakaa chini, nitamwambia mwanao hakuiba, mimi ndiye. Akinitukana nitakaa. Akiwaita vijana nitakaa. Na akinikubalia, nataka nimsomee kile kitabu kuanzia kwenye mto mkavu mpaka mwisho wenyewe, maana yeye hasomi, na mwanawe alimwachia kelele za kitabu kisichomalizwa.

Ila kitabu siyo changu kukichukua. Nilishakichukua mara moja. Mchana nilikuona ukikifunga ndani ya kanga yako ya bluu na kukiweka chini kabisa kwenye begi, ukatabasamu. Umejifunza kusoma kwacho, umelala nacho, pengine ulipanga ndicho kiwe cha kwanza kwenye rafu yako. Nakiomba kwako. Ukikubali, asubuhi kiweke mezani karibu na chupa ya chai, usiseme kitu. Ukikataa, nitakwenda hivyohivyo mikono mitupu, nimwambie kwa maneno yangu. Na kama baada ya kusoma hii hutaki kukaa na mimi kwenye basi, weka mzigo wako kwenye kiti changu. Nitaelewa, nitasimama nyuma.

Giza limeingia, sioni vizuri mstari. Umeacha kuimba, nadhani umelala. Barua nitaiweka juu ya viatu vyako. Begi liko hapo mlangoni, zipu iko wazi, nitalipita nikienda kulala.

Sitalipekua.

Baba yako